Kijiti Kikavu

Boksi la kwanza nililitandaza chini ya injini Jumapili asubuhi, nikiwa bado namtafuna kaka yangu kimoyomoyo.

Alikuwa amekuja jana yake, kasimama uani na viatu vyake vya ofisini, akalitazama doa jeusi lililoenea chini ya gari la Baba, akasema, "Hili gari limeshakufa, ni vile tu hamtaki kulizika."

Mimi nina ulimi mkali, sikatai. "Hata wewe pua huwa inakuvuja," nikamwambia, "na hakuna aliyekuchimbia kaburi."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kaka hakucheka, na kusema haki alikuwa na sababu. Wiki mbili nyuma gari lilitoa moshi barabarani, moshi mzito wa rangi ya bluu, Baba na Mama wakiwa ndani, ikambidi atoke kikaoni kwenda kuwachukua. Mama macho yake yalishaondoka na sukari, na kila Jumanne Baba humpeleka kliniki kwa gari lile la dizeli, kuukuu kama ndoa yao. "Siku litakapowazimikia katikati ya malori mtaniambia nini?" kaka akauliza. Jumamosi ijayo, akasema, kama bado linavuja, analeta gari la kukokota na linakwenda kwa watu wa vyuma chakavu.

Nilitegemea Baba angefoka. Badala yake alipangusa mikono kwa kitambaa chake, taratibu, kidole kwa kidole. "Haya, Meneja," akamwambia. "Wiki moja. Nati atapapata panapovuja."

Nati ni mimi. Jina hilo alinipa nikiwa na miaka sita, kwa sababu nikishika jambo silegei mpaka mtu aje na spana. Baba alikuwa fundi mkuu wa karakana ya mabasi kwa miaka thelathini na minane. Mimi ni fundi wa majenereta kiwandani, na kila ninachokijua kuhusu dizeli nimekitoa mikononi mwake. Ndoa ilivyonishinda nikarudi kuishi chumba cha uani, na hajawahi kuniuliza hata siku moja ilinishindaje. Alinikabidhi ufunguo wa sanduku la spana, basi.

Kazi aliyobaki nayo duniani ilikuwa hiyo moja, kumpeleka mkewe kliniki, na aliifanya kwa shati lililopigwa pasi. Gari likiondoka angebaki kukaa kibarazani kuhesabu nzi. Nilijua hilo vizuri. Nikaomba likizo ya wiki nzima kiwandani, nikala kiapo kwamba Meneja atarudi kwake na gari lake la kukokota tupu.

Sasa, kutafuta oili inakovuja ni kazi ya subira, na mimi subira sikuumbiwa. Oili ina hila. Inatokea juu, inateremka, upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, mwisho inadondokea mahali pasipo na kosa lolote. Fundi mwenye pupa anakimbilia sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili kwenye mhimili mkuu wa injini, anashusha gia boksi nzima, kumbe ni gasketi ya tapeti huko juu. Baba husema doa ni shahidi, si mwizi.

Boksi langu lilileta mashahidi watatu: doa la mbele, la katikati na la nyuma. Nikaisugua injini yote kwa brashi na dizeli, nikaimwagia maji ya sabuni, nikaiacha ikauke juani. Kisha nikaipaka poda ya mtoto, nyeupe yote, mpaka Baba akaniuliza kama ninaipeleka kubarizi. Ukishapaka poda unawasha, unasubiri, na pale poda itakapolowa kwanza ndipo pana mwizi. Dakika ishirini baadaye poda ilikuwa imelowa kila mahali.

"Ala!" nikasema. "Injini gani hii inatoka jasho?"

"Imeogopa ulimi wako," Baba akanijibu.

"Oili umepima?"

"Nimepima. Iko sawa."

Nikaishia hapo. Hapo ndipo nilipokosea, na nitaeleza kwa nini. Nyumbani kwetu kijiti cha kupimia oili hakikushikwa na mtu mwingine. Zamani, kule karakana, mafundi wawili walilihudumia basi moja alfajiri bila kuulizana. Wa kwanza akapima, akaongeza oili. Wa pili akaja bila kujua, naye akaongeza. Basi likajaa kupita kiasi, likapasua sili zote kabla ya saa sita mchana. Tangu siku hiyo Baba akaweka sheria: apimaye ndiye amwagaye, na ni mtu mmoja tu. Kwenye gari letu mtu huyo ni yeye. Kwenda kuchomoa kijiti baada ya Baba kusema amepima ni sawa na kumwita mwongo mbele ya watu. Mtoto wa watu hathubutu.

Jumatatu tulibadilisha gasketi ya tapeti, mimi na yeye. Jamani, siku ile ilikuwa tamu! Alikaa kwenye kigoda, nami nikainama, na kabla sijaomba spana ya kumi na mbili tayari iko kiganjani mwangu. "Kaza kuanzia katikati kwenda nje," akaniambia, "kwa kukatizakatiza, kama unavyofunga kiatu." Alizijua nati zote kwa kugusa. Akanisimulia ile hadithi ya basi na mafundi wawili, tukacheka. Nilipomaliza kufunga nati ya mwisho akanisimulia tena, toka mwanzo, na vituo vilevile vya kucheka. Nikamtania, "Baba, hilo basi leo litafika?" Akanitazama kama hakuelewa, kisha akacheka na yeye. Nikachukulia ni uzee tu.

Jumanne akampeleka Mama kliniki. Waliporudi nikasogeza boksi jipya chini ya injini, na kabla ya saa kumi lilikuwa limelowa kuliko la Jumapili. Nilitukana matusi ambayo Mama aliyasikia mpaka jikoni. Nikachomoa bomba la kupumulia la injini, lile linalotoa hewa ya ndani. Linapaswa kuwa na unyevu kidogo tu. Lilikuwa linatiririka. Nikakaa chini na bomba mkononi, nikilikodolea macho kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

Niliingia ndani kunawa. Mama alikuwa kitandani kwake akikunja nguo, anatafuta pindo kwa vidole.

"Nati," akaniita. "Boneti ya gari ina hitilafu?"

"Hapana, Mama. Kwa nini?"

"Mbona inafunguliwa mara tatu kila asubuhi?"

Yeye akaendelea kukunja. "Naisikia. Inafunguliwa, inafungwa. Anaingia ndani, anatafuta ufunguo. Anatoka, inafunguliwa tena. Wewe wakati huo umeshakwenda kazini."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini, mwanangu? Mimi sioni. Kipofu akisema ameona, watu hucheka." Akailaza ile nguo juu ya nyingine, akaipapasa kuona kama zimelingana. "Mganga hajigangi. Nilingoja mwenye macho."

Jumatano niliamka mapema nikasimama nyuma ya pazia la chumba changu. Baba alitoka na shati lake la pasi, kitambaa begani, galoni ya oili mkono mmoja na kikombe cha bati mkono mwingine. Akafungua boneti. Mimi nilifundishwa kupima oili kabla sijajua kusoma, na nilifundishwa kwa maneno matano, nikiyaimba kama watoto wanavyoimba namba: chomoa, futa, chovya, chomoa, soma. Unachomoa kijiti, unakifuta, unakichovya tena ndani, unakichomoa, ndipo unasoma. Ukisoma bila kuchovya unasoma kijiti ulichokifuta mwenyewe.

Baba alichomoa. Akafuta, vizuri, kwa utaratibu wake uleule, mpaka chuma kikang'aa. Akakiinua kwenye mwanga, akakikazia macho.

Kikavu, bila shaka.

Akatikisa kichwa, akakirudisha kijiti, akamimina kikombe kimoja. Akafunga boneti na kuingia ndani. Nikasikia akimwuliza Mama ufunguo uko wapi, na Mama akimjibu kwa upole uko mfukoni mwako. Akatoka. Akalitazama gari. Akafungua boneti. Chomoa, futa, soma. Kikombe cha pili. Mara ya tatu niliziba macho kwa pazia.

Alipokwenda kwa kinyozi nikaivunja sheria ya nyumba. Nikachomoa kijiti, nikafuta, nikachovya, nikachomoa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole vitatu. Nikafungua nati ya chini nikaimwaga yote kwenye madumu. Injini ile inakula lita sita. Nilipata tisa na nusu, na hizo ni baada ya zile zilizokwisha vuja. Nyuma ya tangi la maji nikakuta magaloni matupu, yamepangwa safi, vifuniko vimekazwa. Sikuyahesabu.

Haya basi, kilichokuwa kinavuja nilikipata. Gari lilikuwa zima! Lilikuwa linatapika tu, kwa sababu lilikuwa linashindiliwa. Nikarudisha lita sita, nikaosha, nikapaka poda, nikaliendesha saa nzima. Alhamisi boksi lilikuwa safi kama lilivyotoka dukani. Nilitakiwa nifurahi. Nilikaa juu ya tairi la akiba nikalia kwa hasira, tena hasira za kijinga: kwamba niligaragara siku tatu mgongo chini nikitafuta sili iliyokufa, na aliyekuwa anahitaji kuangaliwa alikuwa amekaa kwenye kigoda ananipa spana.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo fundi yeyote wa dizeli analijua na kuliogopa. Injini ikijaa sana inaweza kuivuta oili yake yenyewe kupitia lile bomba la kupumulia na kuichoma kama dizeli. Ikifika hapo ufunguo hauizimi. Inanguruma, inapanda, inakwenda inakotaka mpaka ijiue. Ule moshi wa wiki mbili nyuma ulikuwa salamu. Na Mama huwa amekaa kiti cha mbele, mikono mapajani, anasikiliza tu.

Nikajiambia nitamlinda. Alhamisi na Ijumaa niliamka kabla yake, nikamkuta mlangoni na galoni. "Baba, leo nimepima mimi. Apimaye ndiye amwagaye." Aliitii sheria yake papo hapo, akarudisha galoni. Baada ya dakika kumi akatoka nayo tena. Nami likizo yangu ilikuwa inaisha. Ijumaa mchana akaniita getini, akacheka kidogo kama anayenitega, akauliza, "Hivi, Nati, kliniki ya mama yako, ukitoka hapa unakata kulia au kushoto?"

"Kushoto, Baba."

"Nilitaka kuona kama unajua."

Basi nikajua. Gari halikuwa na ugonjwa, na lilikuwa lazima liondoke. Kilichobaki ni kuchagua nani aitwe mgonjwa mbele ya kaka yangu, gari au Baba. Kwetu kuna dhambi ndogo na kubwa, na kusema uongo juu ya injini ni kubwa. Ijumaa jioni nikatoa betri nikaificha chini ya kitanda changu, ili pasiwe na wa kuliwasha na kunisuta.

Jumamosi Meneja akaja, nyuma yake gari la kukokota. Baba alikuwa amesimama karibu na boneti, mikono nyuma, kama mtu anayengojea matokeo ya mtihani wa mwanawe.

"Ehe," kaka akasema. "Imekuwaje?"

"Umeshinda," nikasema. "Krenki imekwisha. Imelika."

Baba akageuka. "Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Inagonga?"

"Inagonga, Baba."

"Washa niisikie."

"Betri nimeshaitoa."

Akanitazama. Jamani, niliwahi kutazamwa na mume anayeondoka, lakini kutazamwa kule kulikuwa mchezo mbele ya huku. Akanishika kiwiko, akanivuta mpaka nyuma ya gari, mbali na kaka.

"Krenki haiwezi kulika bila kugonga," akasema kwa sauti ya chini. "Nimelisikia gari hili likipita wiki hii, ukiliendesha wewe. Halikugonga. Lilikuwa linaimba. Sikio langu halijafa, Nati. Niambie ukweli. Ni mimi?"

Ningeweza kukana. Lakini alikuwa ameniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. "Ni wewe, Baba," nikasema, na machozi yakaniwahi.

"Nakosea wapi?"

"Huchovyi. Unachomoa, unafuta, unasoma hapohapo. Unakuta kikavu, unaongeza. Mara tatu kila asubuhi."

Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukachomoa kijiti hewani, ukakifuta kwa kitambaa, ukakiinua kwenye mwanga. Ukakaa hapo. Niliona alipoelewa. "Na mama yako nimemkalisha humo," akasema.

Kisha akajifuta uso kwa kitambaa kilekile chenye oili, kikamwachia mstari mweusi shavuni, akarudi mbele kwa kaka. "Meneja," akamwambia, "dada yako kasema kweli. Krenki imekwisha. Lichukue." Miaka thelathini na minane hakuwahi kusema uongo juu ya injini. Uongo wake wa kwanza aliusema wima, sauti haikutetemeka.

Gari zima likafungwa mnyororo, likaburutwa kutoka getini kwetu kama gonjwa. Baba alilipungia mkono. Kaka aliniambia pole, nikamwambia aende zake. Ukweli nilimweleza miezi miwili baadaye, ofisini kwake, akafungua tai yake akalia mbele ya watu wake wa chini, na siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote. Sasa Jumanne zote yeye ndiye huja kumchukua Mama.

Lakini ninataka kusema habari za Jumapili, siku ya pili yake. Niliamka nikamkuta Baba uani na shati la pasi, galoni mkono mmoja, kikombe mkono mwingine, amesimama juu ya doa. Anageuka huku, anageuka kule.

"Nati! Gari limeibiwa!"

Nikamweleza yote upya, kwamba tuliongea, kwamba alikubali mwenyewe, kwamba ni yeye. Na akaumia upya, palepale, kama vile hajawahi kuambiwa. Akaketi kwenye kigoda akasema yaleyale, "Na mama yako nimemkalisha humo," akakaa hivyo mpaka jua likamfikia miguuni. Jumatatu akatoka tena na galoni.

Siwezi kumuua baba yangu kila asubuhi. Kwa hiyo Jumatatu nilipomkuta amesimama juu ya doa, nikaenda nikasimama karibu naye.

"Gari liko wapi?"

"Limekwenda, Baba. Krenki ilikwisha."

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Lo! Gari zuri lile." Akaweka galoni chini. Akafikiri. "Kijiti ulipima kabla ya kuhukumu? Isije ikawa ni oili tu."

"Nilipima."

Akanikazia macho, yale macho ya karakana. "Vizuri? Chomoa, futa, chomoa, soma?"

Yalikuwa maneno manne. Akaningoja, kama alivyokuwa akiningoja nikiwa na miaka sita.

"Ndivyo hivyo, Baba," nikasema. "Ilikuwa sawa."